Saa Sita

Tiketi inasema saa sita.
Si ile sita ya jua la utosi,
wala ile ya usiku, mbwa wa Kuyluk wakijibizana.
Ni sita ya urefu, ya kupimwa kama kitambaa,
Tashkent mpaka Seoul.

Kilomita elfu tano kasoro,
alisema kijana wa dirishani,
mbegu za alizeti shavuni, macho kwenye kompyuta.
Kasoro ngapi? nikamuuliza.
Akacheka. "Mia hivi, mama.
Shirika halirudishi chenji."

Mimi kasoro naijua.
Mwaka wa thelathini na moja huu nauza karoti sokoni,
zimekatwa nyembamba kama nyuzi,
zikalazwa na siki, giligilani, kitunguu saumu, pilipili,
na mizani yangu ikipungua gramu kumi
wateja wananitajia mama yangu.

Bibi yangu Agrafena naye alisafiri,
ila hakukata tiketi. Alikatiwa.
Wakorea wa upande wa Urusi, kando ya bahari ya mashariki,
kijiji kizima, kuku wakiachwa uani,
wakapakiwa kwenye mabehewa ya mifugo,
siku thelathini na nne kuvuka nyika
hadi kwenye matete ya nchi ambayo hawakuijua hata jina.
Nilipokuwa mdogo nilimuuliza: ni mbali?
Alikuwa anamenya viazi.
Hakutaja siku wala kilomita.
"Mtoto mmoja," alisema,
akaendelea kumenya.

Sasa mimi nimefungwa mkanda.
Kindege cheupe kwenye skrini
kinatambaa juu ya ramani kama chawa.
Almaty. Urumqi.
Kisha jangwa tu, tupu, halina hata jina la kusoma.
Jirani yangu, Muzaffar wa Namangan,
anakwenda kufanya kazi kiwanda cha mabomba.
Amelala mdomo wazi, bega langu amelifanya mto,
mkononi daftari la maneno ya Kikorea:
mshahara. ninaumwa. polepole, tafadhali.
Kikombe kimoja cha chai, hata hakijapoa,
na milima yote iko nyuma.
Bibi, nasema moyoni,
siku zako thelathini na nne
wamezikunja wakaziweka wapi?

Tuliondoka saa nne usiku, tukatua saa mbili asubuhi.
Hesabu mwenyewe: hizo ni kumi.
Nne zimeliwa njiani
na sijui nimdai nani.

Ofisa wa mpakani ananisalimu.
Namjibu kwa Kikorea cha Agrafena,
kile kilichofungiwa kwenye behewa
kikatoka na vumbi la pamba.
Ananitazama kama mtu aliyesikia redio ya marehemu ikilia chumbani.
Kati yetu kuna kioo, hata mita moja haifiki.
Anarudia swali, safari hii kwa Kiingereza,
lugha ambayo si yake wala si yangu.

Nje yuko Rodion, mwanangu, amenenepa,
anaficha machozi kwenye kola yangu.
Nyuma ya mguu wake, Emilia, miaka mitano,
amezaliwa hapahapa, namjua kwa simu tu.
Anasema kitu haraka haraka.
"Anauliza," mwanangu anatafsiri,
"bibi umetoka mbali?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa tangu Tashkent.
Lakini mtungi wa karoti umevuja ndani ya begi,
siki imelowesha soksi, gauni la harusi ya dada yangu, bahasha ya picha,
na harufu imekwisha nitangulia kusema.

"Kilo mbili," nikajibu.
Nilizikata usiku kucha, juzi, kisu kikinila kidole.

Mtoto akachovya. Akakunja uso.
Akautoa ulimi nje, unawaka,
akaupepea kwa kiganja,
akachovya tena.